Nyundo ya Nane ya Kijiji cha Jitegemee

Saa tatu asubuhi. Fundi Paskali Mughwai amelala kifudifudi kwenye sakafu ya nyumba ya mashine, miguu nje, kichwa ndani ya tumbo la mashine ya kusaga. Ananusa chuma.

Wanawake wa kijiji cha Jitegemee, si mbali na Misigiri, wamejazana mlangoni. Mashine yao imekufa tangu Jumatatu, na leo ni Alhamisi.

"Huyu baba anafanya nini?" anauliza mmoja.

"Anaiuliza mashine inaumwa wapi."

"Heri yake mashine. Mimi wa kwangu, mwaka wa kumi na mbili huu, hajaniuliza."

Kicheko kinapasuka. Paskali hatoi kichwa. Anatoa mkono tu, kama mtu aliyezama kisimani, na sauti inatokea ndani kwa ndani: "Nipeni maji ya kunywa. Na mtu asifagie humu. Vumbi hili ni langu."

Paskali ana miaka arobaini na saba, mzaliwa wa upande wa Puma, darasa la nne. Kazi yake wengi hawajui kama ipo. Mashine ikivunjika au ikimkata mtu, karakana ya serikali ya Singida Mjini humtuma yeye kwenda kutafuta sababu. Kutengeneza ni baadaye, pengine kwa mkono wa mwingine. Mkewe, Dorika, alishawaambia majirani kwamba ameolewa na mwosha maiti, ila maiti zenyewe ni za chuma na hazina ndugu wa kuleta sukari.

"Mshahara ni shilingi mia nne na ishirini kwa mwezi," anasema Paskali, akijifuta. "Grisi napewa bure, kwenye kila shati."

Lakini safari hii mzaha una mwisho. Jumatatu, Dina, mama wa watoto wanne, alikuwa ameinama akikinga unga wake. Mlio wa mashine ukabadilika ghafla, kipande cha chuma kikatoboa ubavu wa mashine na kumkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Dina yuko zahanati. Isaka, mwendesha mashine, yuko kwenye ghala la kijiji, na mgambo yuko mlangoni.

Isaka anatuhumiwa kufanya hujuma. Ushahidi ni mdomo wake mwenyewe. Mwaka jana, wakati wa Operesheni, watu walipohamishwa kutoka kwenye maboma yao kuja kukaa pamoja, Isaka alisema mbele za watu kwamba nyumba yake ya zamani ilikuwa na kivuli na hii mpya ina foleni. Watu walicheka siku ile. Siku hizi hakuna anayekumbuka kwamba alicheka.

Barua ya kumpeleka polisi imekwisha kuandikwa. Inangoja maelezo ya fundi tu. Land Rover iliyomleta Paskali inarudi mjini saa kumi jioni, ikiwa na Isaka au bila yeye.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Naftali, anaingia na barua yake mkononi. Ni mzee mrefu, safi, asiyependa kungojeshwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Fundi, kazi yako ndogo. Mtu tunaye, sababu tunayo. Wewe weka sahihi hapa chini."

"Mtu nimeshaambiwa, mzee. Sababu ndiyo bado haijanisalimia."

Mashine ya Jitegemee husaga kwa nyundo nane. Ni vipande bapa vya chuma, urefu wa kiganja, vinavyoning'inia kwenye pini nne na kuzungushwa kwa kasi. Pini moja imekatika, ndiyo maana nyundo ikaruka. Paskali anaiweka pini hiyo juani na kutoa mfukoni kioo cha kukuzia.

"Tazama uso wa mkato," anasema. "Sehemu hii ndogo ni mbichi, inang'aa, ina chembe kama sukari. Hiyo ilikatika Jumatatu. Lakini sehemu hii kubwa imefifia, ni laini, na ina mistari mistari kama pete za gogo la mti. Huu ni ufa wa zamani. Ulikuwa unatembea polepole, kila siku hatua moja, wala haukumwomba mtu ruhusa."

Kisha anachomoa sindano ya kushonea magunia, anaukwangua ufa, na kumwaga alichopata kwenye karatasi. Ni unga ulioshindiliwa. Wa juu ni wa njano. Wa chini kabisa, kule ufa ulikoanzia, ni mwekundu.

Wanawake hawahitaji kioo kuelewa hilo. Wa njano ni Yanga, mahindi ya msaada yaliyoletwa mwezi wa kumi baada ya ukame. Mwekundu ni mtama wao wenyewe, na wa mwisho ulisagwa mwezi wa tisa. Isaka alikabidhiwa mashine wiki ileile ya Yanga. Aliyemtangulia ameshahamia Tabora.

"Kwa hiyo ufa ulizaliwa kabla ya Isaka," anasema Paskali. "Alirithishwa, kama mtu anavyorithishwa mjane."

Mwenyekiti hacheki. "Unga tu huo. Huenda mtu kaupaka."

"Huenda," anakubali Paskali. "Ndiyo maana sijaandika."

Subira hii aliipata kwa Bwana Esmail, mwenye kinu cha kusaga pale mjini, ambako Paskali alianza kama mfagiaji mwaka 1951. Siku moja chuma cha kinu kilikatika akiwa zamu, na Bwana Esmail akamfukuza kazi palepale. Jioni alimfuata hadi nyumbani kwake, chuma kile mkononi, akamwonyesha ufa wa zamani wenye kutu, akamwambia: "Paskali, nimekosa. Hii ilikuwa mgonjwa kabla yako." Kesho yake alimnunulia kioo.

"Mpaka leo nakitumia," anasema Paskali. "Siku ile nilijua chuma kinaweza kumtetea mtu, mradi apatikane wa kukisikiliza."

Saa tano anaingia ghalani. Isaka, mwembamba, ndevu za siku tatu, ameketi juu ya magunia.

"Ulijua ina kasoro?"

"Ilikuwa inatetemeka, fundi. Nilimwambia Katibu wa kijiji. Akasema mwaka huu wa njaa kila kitu kinatetemeka, na yeye pia."

"Tangu lini?"

"Niliikuta hivyo. Nikadhani ndiyo tabia yake."

Hilo ndilo linalomkereketa Paskali: tangu lini? Ufa huzaliwa na mtikisiko, na mtikisiko una baba yake. Asipompata huyo baba, Mwenyekiti atasema unga ni unga tu, na saa kumi itafika. Anakwenda zahanati.

Dina ameketi kitandani, mkono umefungwa. Anamtazama fundi toka miguuni mpaka kichwani.

"Umekuja kuniuliza kama ni Isaka. Kila mtu anakuja na Isaka wake."

"Nimekuja kukuuliza juu ya mtikisiko, mama."

Dina anacheka, cheko la kwanza tangu Jumatatu. "Baba, hukusikia kesi za madebe?"

Jitegemee mtu hapangi foleni ya mashine kwa miguu. Anaweka debe lake sakafuni kwenye mstari, anakwenda kuchota maji au kunyonyesha, na debe linamshikia zamu. Tatizo ni kwamba sakafu ilikuwa inatikisika, na debe tupu ni jepesi. Lilikuwa linatembea. Mtu analiacha la nane, anarudi analikuta la tano, mwenzake wa tano analikuta la kwake ukutani. Wakashikana khanga.

"Leah alihukumiwa kufyeka uwanja wa shule kwa kuruka foleni," anasema Dina, "na wala hakuwepo! Alikuwa kisimani. Debe lake ndilo lililoruka."

"Kesi hizo zimeandikwa?"

"Mwenyekiti anaandika kila kitu. Hata ukipiga chafya."

Paskali anatoka karibu akikimbia, na kwa mtu wa kimo chake cha pipa, hilo ni jambo la kutazamwa.

Daftari la Mzee Naftali ni safi kama kola yake. Paskali anapitisha kidole. Kuanzia Januari hadi Juni 1974, kuna kesi za mbuzi, mipaka na matusi. Ya foleni hakuna hata moja. Kuanzia Julai hadi Septemba, kesi saba za foleni. Ya kwanza ni ya tarehe kumi na moja Julai.

"Mwenyekiti, kati ya Juni na tarehe hiyo, mashine ilifanywa nini?"

"Haikufanywa kitu. Ilipata nyundo mpya tu, kutoka mjini. Nane."

"Zikafungwa zote nane?"

Mzee Naftali ananyoosha mgongo. Hapa anafika mahali anapopapenda. "Saba. Ndugu zetu wa kijiji cha Tupendane walikuwa wamevunjikiwa na moja. Siku ya Sabasaba, mbele ya umati, niliwapa moja ya kwetu. Sisi tukarudishia moja ya zamani. Walinitungia wimbo."

Paskali anaweka daftari chini polepole. Anaomba fimbo iliyonyooka na kamba.

Adhuhuri kijiji kizima kimekusanyika nje ya nyumba ya mashine. Isaka ameletwa na mgambo. Paskali amezifungua nyundo zote. Anafunga kamba katikati ya fimbo na kuning'iniza nyundo mpya mbili, moja kila ncha. Fimbo inatulia. Anabadili nyingine mbili. Inatulia. Anachukua ile ya zamani, iliyolika kama sabuni ya siku nyingi, na kuitundika dhidi ya mpya.

Fimbo inalala upande mmoja, puu.

"Sasa mzungusheni mtu mwenye mguu mmoja mfupi mara elfu mbili kwa dakika," anasema Paskali, "muone kama hatavunja kitu."

Hakuna anayecheka. Wote wanamtazama Mzee Naftali.

"Unataka kusema," anauliza mzee, sauti imeshuka, "wema wangu ndio uliokata vidole vya Dina?"

Paskali angeweza kulizunguka swali. Amekuja na gari la serikali, na mwenyekiti mwenye hasira anaweza kuandika barua ndefu kwa wakubwa. Anafuta mikono yake, anajibu:

"Ndiyo, mzee. Hukujua, na katika kijiji hiki hakuna aliyejua. Lakini nikiandika vinginevyo, nitakuwa nimemkata Isaka kwa makusudi. Nyundo za mashine hazigawanywi. Zinaingia pamoja na kutoka pamoja, kama meno ya mtoto na ya bibi yake, hayachanganywi mdomo mmoja."

Mzee Naftali anaitazama ile barua yake. Anaikunja mara mbili, anaichana, na kumwashiria mgambo amwachie Isaka. Watu wanaanza kupumua, mama mmoja anaanza kigelegele. Mzee ananyoosha mkono kukizima.

"Fundi," anasema. "Ile niliyowapa Tupendane. Kwao iko mpya moja, kuukuu saba?"

"Hilo ndilo nililokuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Na leo wanasaga?"

Leo wanasaga. Dereva wa Land Rover anaitwa kutoka kwenye chakula chake. Wanapanda Paskali, Mwenyekiti, na Isaka, ambaye hakuna aliyemwita. Ni maili tisa za korongo na vumbi.

Saa nane, mashine ya Tupendane inasikika kabla haijaonekana. Paskali anaingia bila hodi, anamvuta kando mama aliyeinama akikinga unga, na kuizima. Kelele zinahamia kwa wanawake.

"Nani kakutuma?"

"Zamu yangu ilikuwa imefika, wewe baba mnene!"

Mzee Naftali anavua kofia. Huku, mtu anayedai alichokitoa huchekwa mpaka na wajukuu wake, na yeye anajua hilo kuliko yeyote. "Mimi ni Naftali wa Jitegemee. Nimekuja kuwaomba ile nyundo niliyowapa."

Bibi mmoja, jino moja, anauliza: "Na ule wimbo tuliokuimbia, tuurudishe pia?"

"Urudisheni," anasema mzee. "Lakini nyundo kwanza."

Paskali anamkabidhi Isaka spana. Isaka anaitazama kama mtu aliyesahau kwamba mikono yake ni ya kazi, kisha anafungua. Pini zinatoka nzima. Paskali anazipaka mafuta ya taa, anazifuta zikauke, anazipaka vumbi la chaki na kungoja. Kwenye pini ya tatu mafuta yanachungulia tena kupitia kwenye chaki. Ni ufa: mstari mweusi, mwembamba kama unywele, uliozunguka karibu pini nzima.

Mama aliyevutwa kando anauona. Anakaa chini palepale, juu ya unga wake.

"Kwa miaka kumi na mitatu nimeitwa baada ya damu," anasema Paskali, akiifunga pini ile kwenye kitambaa. "Hii ndiyo ya kwanza kuikuta kabla."

Mashine za vijiji anazozijua wilaya nzima ni arobaini na moja. Ameamua kuwaandikia wakubwa wake apewe ruhusa ya kuzifungua zote, kuanzia Misigiri Jumatatu hadi kule Nduguti, na Isaka awe msaidizi wake. Wakikataa gari, atakwenda kwa baiskeli. Isaka ameshasema baiskeli anayo.

"Na sisi?" anauliza bibi wa jino moja. "Mpaka hiyo pini mpya ije, tutasaga na nini?"

"Kwa mawe, bibi. Siku nne, pengine tano."

"Mikono itatuuma."

"Itawauma," anasema Paskali. "Vidole vyote kumi."