Kifundo cha Mguu Nilichomficha Hamisi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nimwonapo kijana akichechemea huku akisema hajaumia. Nilikuwa beki wa kati wa timu ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Ikungi, na nilijiona chuma. Hakuna mshambuliaji aliyenipita, au ndivyo nilivyowaambia wasichana.

Golikipa wetu alikuwa Hamisi, mtoto wa mama mdogo, niliyekula naye sahani moja tangu utotoni. Uwanjani hatukuhitaji maneno mengi. Nikiita "wangu", alibaki golini, nikinyamaza, alitoka.

Jumatatu ya wiki ile niliteguka kifundo cha mguu, kikavimba. Mgonjwa aliruhusiwa na balozi wa nyumba kumi asiende shamba la kijiji. Lakini uombe ruhusa ya shamba, halafu Jumamosi uonekane uwanjani? Ungeitwa kupe, mnyonya jasho la wenzake, na jina hilo lingekufuata mpaka harusini kwako. Basi nikakifunga kwa kipande cha kanga ya mama, nikavaa suruali ndefu, nikashinda shambani wiki nzima. Hata Jumamosi yenyewe nilikuwa shambani mpaka saa sita. Nikanywa uji wa uwele, nikavuta soksi za kuazima juu ya uvimbe, nikaenda kuwakabili vijana wa Mwankoko waliokuja na lori.

Kipindi cha kwanza nilijikongoja. Cha pili, miguu haikuwa yangu tena. Uchovu ni kitu cha ajabu, mwanangu: macho yanauona mpira mapema kabisa, lakini mguu unafika mpira umeshaondoka. Winga wao akanipita mara mbili. Mara ya tatu nikaita "wangu" kwa mazoea, na papo hapo nikajua sitafika. Hamisi akaona nimechelewa, akatoka. Nikajirusha kwa nguvu zilizobaki, nikaukosa mpira, nikaupiga mkono wake.

Ulivunjika. Msimu wa kuvuna ulikuwa umekaribia, na tangu baba yao afariki, mwanamume wa nyumba ile alikuwa yeye peke yake.

Jioni nilimkuta kwao, mkono umefungwa vijiti. Nikavua soksi, nikamwonyesha.

"Umeumia tangu lini?" akauliza.

"Tangu Jumatatu."

"Siku zote hizo nimesimama nyuma yako, hukuniambia? Ningetoka mapema, kaka. Ningekusaidia."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka mama mdogo akacheka akanisukumia ugali, akasema nile nipone haraka, kwa sababu uwele wake sasa nitauvuna mimi. Niliuvuna wote. Mkono wa Hamisi ulipona, ila haukunyooka kama zamani, na golini hakurudi tena. Urafiki wetu haukupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi sikia, mwanangu. Ukiumia, sema. Ukichoka, sema, hata kama watakucheka na kukubandika majina, maana majina nimeyasahau yote, lakini mkono ule naukumbuka. Usimwache anayekutegemea aamini u mzima wakati wewe mwenyewe unajua huwezi.

Mungu akupe miguu yenye afya, akupe na mwenzako wa kusimama nyuma yako, na moyo wa kumwambia ukweli kabla mechi haijaanza.