Fundi wa Buyenzi anayetunza jicho kwa ukurasa mmoja

Adhuhuri imepita na mabati ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, yanawaka. Rachidi Shakuru anapiga magoti mbele ya geti la chuma. Anavaa miwani ya jua, kisha juu yake anavaa nyingine. Anafumba jicho la kushoto, anagusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma, na mwanga wa buluu unaruka.

Wapita njia wanageuza nyuso. Yeye hana ruhusa ya kugeuka, kwani mkate wake uko mulemule ndani ya mwanga.

Akimaliza anapitisha kidole juu ya mshono ungali na joto. Siku hizi kazi yake anaikagua kwa vidole.

"Ya kushoto imekwisha," anasema akigusa kope. "Ya kuume mi naona, lakini kama mutu mwenye kuangalia ndani ya moshi."

Rachidi ana miaka arobaini na minne, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kuchomelea mageti na madirisha katika mitaa ya Bujumbura. Katika karakana aliyojifunzia, pea mbili za miwani ya jua zilihesabiwa kuwa kinga tosha. Aliyemfundisha alivaa hivyo, na aliyemfundisha huyo pia.

Dawa yao ilikuwa moja. Jioni, macho yakiwasha kama yametiwa mchanga, fundi hulala chali na vipande vya kiazi kibichi juu ya kope. Asubuhi maumivu yanapungua, naye anakisifu kiazi. Inauma kuandika hili, maana miaka yote hiyo kiazi kilikuwa kikimliwaza tu huku jicho likizidi kuungua.

Daktari wa macho alimweleza mwaka jana bila kuzunguka: akiendelea na kazi hii, la kulia litafuata. Hajaacha. Zamani alimaliza mageti manne kwa mwezi, sasa akijitahidi anamaliza moja.

"Niache, tutakula nini?" anauliza. "Docteur alisema vizuri, lakini hakusema nyumba yangu itakula wapi."

Wenzake hudhani kinachomsononesha ni mageti. Kumbe ni vitabu.

Rachidi aliacha shule akiwa kijana mdogo, baba yake alipofariki wakati wa vita, lakini Kifaransa kilikuwa kimeshamkaa kichwani. Miaka michache iliyopita alitengeneza madirisha ya nyumba moja ya mtaa wa Mutanga Nord. Mwenye nyumba alikuwa akihama, akamwachia katoni ya vitabu vya wanawe. Humo alikuta vitabu vinne vya mfululizo wa hadithi za vijana zilizochotwa katika visa vya kale vya Wagiriki.

Shujaa wa hadithi hizo ni Dioni, msichana yatima anayevuta mivukuto katika karakana ya mungu mfua vyuma chini ya mlima. Mungu huyo ni kiwete. Miungu wenzake humcheka mezani, kisha kila mmoja humwendea kwa siri kuomba upanga. Dioni anajifulia ufunguo na kushuka nchi ya wafu kumtafuta kaka yake.

"Ule fundi ni sisi kabisa," Rachidi anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Wanatucheka tuko weusi na masizi, lakini mulango ikiharibika wanajua kwetu."

Alisoma vitabu vinne vya kwanza peke yake, kila siku baada ya kazi, mgongo ukiegemea ukuta. Kitabu cha tano, chenye jalada la kijani na picha ya nyundo, alikipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Alipokifungua nyumbani, mistari ilikataa kusimama.

Hapo ndipo mkewe Houda alipoingia kazini. Houda alifika darasa la tatu tu, na Kifaransa hakijui. Lakini madrasani alifundishwa tangu utotoni kusoma Kurani kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya kuelewa maana. Basi anasoma riwaya hivyohivyo. Herufi anazitamka zote, hata zile ambazo Wafaransa wameamua zinyamaziwe. Mumewe anasikiliza, anayanyoosha maneno, kisha anamsimulia kwa Kiswahili kile ambacho Houda mwenyewe amekisoma punde.

"Kila jina la mungu nasema astaghfirullah," anasema Houda. "Yeye ananiambia, 'Mama Asiya, ni hadithi tu, endelea.' Naendelea. Na mi sasa nataka kujua kama ule mutoto atamupata ndugu yake."

Rachidi amejiwekea sharti moja. Houda asome kitabu chote, ila ukurasa wa mwisho atausoma yeye. Kwa ajili hiyo jicho hulipumzisha: jioni hatazami simu wala televisheni.

"Nilianza na macho yangu, nitamaliza na macho yangu," anasema. "Baadaye Mungu akitaka kuyachukua, ayachukue."

Adhana ya magharibi inalia. Anasimama na kuelekea msikitini, kiganja kikifuata ukuta.

Akishatoweka, Houda anakifungua kitabu mwishoni na kumwonyesha mwandishi wa habari hii. Jalada la nyuma limeshikizwa kwa gundi. Kabla yake karatasi zimechanika, na sentensi ya mwisho iliyobaki imekatika katikati.

"Kifaransa sijui, lakini nukta naijua," anasema taratibu. "Hapa nukta haiko. Niliona siku ileile alikileta. Yeye hakuona."

Hajamwambia. Amewaomba wanawake wanaovuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, Kongo, kufanya biashara wamtafutie nakala nyingine, na wanarudi mikono mitupu. Huku nyuma anachelewesha kusoma: leo kichwa kinauma, kesho kuna wageni. Kurasa zilizobaki ni chache, na visingizio pia vinamwishia.

Mwandishi anamuuliza kama habari hii isiandikwe. Houda anafikiri, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Andika. Gazeti yeye halisomi, jicho anaitunza, na majirani nitawaomba wanyamaze. Mutu mwenye hicho kitabu, akuwe Kigoma, akuwe Goma, sitaki atupe kitabu chake. Atutumie ile page ya mwisho tu. Lakini akuje mbio, jicho haitamungoja."