Shikamoo Niliyoingoja

Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya pilau lake, mwanangu, pilau ambalo sikulionja. Ilikuwa harusi ya Mwanaidi, binti wa pacha wangu Doto, kule Kigamboni. Mimi ndiye Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa. Nilimtangulia Doto kwa muda wa kuchemsha chai tu, lakini muda huo niliubeba maisha yangu yote kama cheo.

Nilitoka Temeke na kanga zangu mpya, nikafika nikakuta somo wa bibi harusi, yule mwanamke wa kumfunda, keshachaguliwa, tena jirani tu! Mimi mama mkubwa sikuulizwa. Nikapandwa na hasira, nikasimama mbele ya wageni.

"Doto, mie ni mkubwa wako. Siku ukinihitaji, uje Temeke unipe shikamoo yangu!"

Doto akacheka. Ana kicheko kikubwa yule, Mungu amjalie. "Shikamoo ya dakika kumi, Kulwa? Hebu kaa ule."

Ua mzima ukaangua kicheko. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, sahani ndiyo kwanza zinapangwa.

Sasa, unajua kwetu siku ya Idd, mdogo ndiye anayemfuata mkubwa, wakapeana mkono na kusameheana. Basi nikangoja. Kila Idd napika, namtengea Doto paja la kuku, maana ndilo alilolipenda tangu utoto, kisha nakaa barazani natazama njia. Jioni paja nalila mwenyewe, kwa hasira. Idd ngapi zilipita hivyo? Naona haya kukutajia. Na Kigamboni si Ulaya, mwanangu, ni kuvuka maji kwa pantoni tu. Simu nilikuwa nayo. Naishika, naitafuta namba yake, naiweka chini. Tulilala kitanda kimoja mpaka tulipoolewa, na kutomwona kuliniuma mwili mzima, lakini kwenda sikwenda.

Mwaka juzi Mwanaidi akanipigia. "Mama mkubwa, mama kaanza kusahau. Njoo umwone."

Unajua nilimjibu nini? "Mwambie aje yeye kwanza."

Ikapita Idd nyingine. Iliyofuata nikashindwa kuvumilia, nikavuka. Nilimkuta kakaa mlangoni, kajifunga kanga vizuri, uso wangu mwenyewe unanitazama. Akainuka kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Miaka yote ile naingoja, na ilipokuja alinipa kama anavyompa mgeni yeyote apitaye.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Namtafuta Doto."

"Loo, mmepishana. Kaenda Temeke, kumpa dada yake mkono wa Idd."

Nikavuta kigoda nikakaa pembeni yake, tukamngoja Doto wote wawili mpaka adhana ya magharibi.

Nakwambia haya kwa kuwa nasikia wewe na kaka yako mnakaa mtaa mmoja na hampeani salamu, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Sikukatazi kujivunia ulichonacho, hata mimi bado napenda kuitwa mkubwa. Ila ningeuelewa ukubwa wangu, ningejua kwamba niliyetangulia kutoka tumboni ndiye niliyepaswa kutangulia kwenda. Kiburi kilinionyesha kwamba nikienda nitapungua. Leo ndiyo nimepungua, maana kumbukumbu za utoto wetu nimebaki nazo peke yangu, na wa kuniambia "si hivyo, Kulwa, ilikuwa hivi" sina tena. Usingoje Idd, mwanangu. Nenda leo, hata kama kosa ni lake, wakati angali anakujua.

Mungu akupe miguu myepesi. Ukibisha hodi, aliye ndani aitambue sauti yako, akuite kwa jina lako kabla hajafungua mlango. Amina.