Majina Yaliyoshangiliwa Karavia

Alasiri ile watu walijaa uwanja wa Karavia kwa ajili ya bendi kubwa ya roki kutoka ng'ambo. Bendi ya vijana wa mtaani kwetu waliotangulia kupiga, hakuna aliyewajali. Mimi na mama tulikwenda kwa ajili yao tu, kwa sababu kaka yangu alikuwa mpiga ngoma wao kabla shimo la shaba halijamfukia pamoja na wachimbaji wenzake.

Kwetu mwimbaji hutaja wakubwa katikati ya wimbo, na mkubwa akisikia jina lake huinua mkono ashangiliwe. Kwa hiyo mwimbaji wa vijana wetu alipoanza kutaja majina, gitaa likilia taratibu, watu walidhani ni matajiri wa viti vya mbele. Kila jina walilipigia makofi na miluzi. Mimi niliyajua yote. Tuliyasikia kanisani, kwenye misa ya kuwaombea waliofukiwa.

Bwana mmoja mnene kando yetu alicheka kusikia matajiri wengi asiowajua. "Aba bapatron bote banatoka wapi? Sijue hata moja!"

Nilitaka kumzaba kofi. Mama akanibana mkono mpaka ukaniuma.

Mwisho likatajwa jina la kaka. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Mama akaniachia, akainua mkono wake juu, akaushikilia hapo hapo, macho makavu.

Yule bwana akaacha kucheka. Akasimama haraka, akamsalimia mama kwa mikono miwili, ameinama.

"Mama, mutufikirie na sisi," akasema. "Niko na mutoto mwanaume, anatafuta kazi."