Imbwa ya shefu na nyama mbichi

Leo jirani ananiambia imbwa yangu iache krokete, kile chakula kikavu cha duka, ikule nyama mbichi. Ati ni afya.

Nikakumbuka miaka ya tisini, kazi ilipokufa hapa Likasi.

Krokete za imbwa ya shefu wetu wa kazi, tuliyepakana naye ukuta, zikakatika. Yeye: "Docteur wa nyama anasema nyama mbichi ni bora." Shiye tulikuwa kwa bukari, ugali wetu, na sombe kavu ya majani ya muhogo.

Akatupia imbwa nyama.

Imbwa ikaibeba, ikaruka ukuta, ikaiweka mbele ya mbabula ya mama, jiko lake la makala. Ikakaa, inangoja ipikwe. Kumbe kila siku ilikuwa inakula bukari kwetu.

Mama akapika. Imbwa ikapewa bukari na mchuzi. Nyama tukakula shiye.

Shefu kwenye ukuta: "Mama, imekula?"

"Vizuri, baba. Kesho muongeze."

Jirani, weye anza na imbwa yako. Mbabula ya mama niko nayo mpaka leo.