Wimbo wa Nyuma ya Goli

Kabla ya kumwona ungemsikia. Duka la dobi lilikuwa na chumba cha mbele chenye kaunta na kengele, na chumba cha nyuma chenye mashine za kufulia, kamba za kuanikia na meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu lenye alama za moto. Hapo nyuma, mwanamke mmoja mwenye mabega mapana alipiga pasi shuka za hoteli kutwa nzima, na kila alipomaliza kukunja shuka aligonga meza kwa kiganja: du, du, kapa-du. Wateja wageni walidhani kuna fundi anapigilia misumari. Wenyeji walijua ni Mama Mdundo anaifanyia mazoezi mechi ya Jumamosi.

Uwanjani ndiye aliyepiga ngoma kubwa ya mashabiki wa timu ya bluu, kwenye jukwaa lililo nyuma ya goli. Baba yake, karani wa posta, aliipiga kabla yake. Mzee alipoishiwa nguvu za kupanda ngazi za jukwaa, watoto wake wa kiume walikuwa wanatazamana nani aichukue, na huku wanatazamana binti akaibeba. Wanaume walicheka mechi moja. Mechi ya pili walikuwa wanampisha njia.

Shoga yake alikuwa muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi lililo ng'ambo ya barabara. Jina lake la mtaani lilikuwa Kipaza, kwa sababu akitaja bei ya koki, mtaa mzima unajua koki zimepanda. Kipaza ndiye aliyetunga nyimbo na kuziongoza. Alikuwa na kipaji cha kumtazama mchezaji wa timu pinzani mara moja tu, akaona mwendo wake, kipara chake au soksi zake zinavyoporomoka, na kabla ya mapumziko jukwaa zima linamwimba. Wawili hao walijuana kwa macho. Kipaza akiinua kidole, ngoma inabadilika. Watu walisema ni kama wamezaliwa tumbo moja.

Mama Mdundo hakuwa na mtoto wa kuzaa. Alikuwa na mtoto wa dada yake, ambaye kwake alikuwa mtoto wake kabisa. Alimlea tangu akiwa hajajua kufunga viatu. Kijana alikuwa na mikono mirefu na utulivu wa ajabu, na akaja kuwa golikipa. Walimwita Gundi, kwa vile mpira ukimgusa haudondoki. Shida ilikuja pale timu iliyomsajili ilipokuwa ile ya rangi ya chungwa, ambayo mashabiki wa bluu hawaitaji jina bila kukunja uso. Kwenye jukwaa walimtania Mama Mdundo kwamba amefuga nyoka kwenye kabati la nguo. Alicheka nao. Nyumbani, yeye na Gundi walikuwa na mkataba wao: mpira hauingii mezani, na siku ya mechi kila mtu anakwenda kazini kwake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hao wawili hawakulisema kwa mtu. Dada yake, yaani mama wa Gundi, alipoamua kuondoka, alimpeleka mtoto kituo cha mabasi, akamkalisha kwenye benchi na pakiti ya biskuti. Akamwambia aitazame saa ya ukutani na asigeuke nyuma. "Nikirudi nitakuita," alimwambia. Kisha akapanda basi lililokuwa nyuma ya benchi hilo hilo. Mlinzi wa kituo alimkuta mtoto jioni, shingo imekakamaa, biskuti hazijafunguliwa. Mama Mdundo alipofika kumchukua, mtoto alikataa kusimama, kwa kuwa bado hajaitwa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwanamke yeyote akimwita mtoto wake barabarani, Gundi aligeuka. Hata kama jina si lake. Mama Mdundo alijifunza kutomwita kutoka nyuma. Alizunguka akaja mbele yake ndipo akasema. Alipofikia umri wa kuona haya, kijana alimwomba asimwambie mtu habari ile, na mama mdogo aliapa.

Aliivunja ahadi hiyo mara moja tu. Ilikuwa mchana wa mvua, umeme umekatika, mashine zimenyamaza. Kipaza alikuwa ametoka kumzika mama yake juzi, akaja kukaa kwenye chumba cha nyuma kati ya mafurushi ya shuka. Alilia hadi akapaliwa. Alisema amekuwa yatima ukubwani na hajui mtu anaanzia wapi. Mama Mdundo hakuwa na maneno ya kumpa, basi akampa alichokuwa nacho: kisa cha mtoto wa kwenye benchi, na jinsi mtoto huyo alivyokua, akawa mtu, akawa kipa wa kutegemewa. Kipaza alimshika mkono. "Umenitoa mbali, shoga yangu," alisema. Siku ile Mama Mdundo alirudi nyumbani akijisikia kwamba hakukosea.

Kisha ikaja fainali ya kombe, bluu na chungwa.

Mji ulichanganyikiwa. Wauza vitambaa waliishiwa bluu, watu wakaanza kupaka rangi mashuka yao ya zamani, na duka la dobi likapata kazi ya kufua rangi zilizochuja. Mama Mdundo alitaka kukaa pembeni mechi ile. Alimpigia Gundi simu akamwambia hatakwenda. Gundi ndiye aliyekataa.

"Wewe piga ngoma yako, mama mdogo," alimwambia. "Mimi nitadaka zangu. Nikisikia ngoma haipo nitadhani unaumwa."

Basi akakubali. Wiki ya fainali Kipaza alivuka barabara akiwa na furaha ya kuwasha moto. Alisema ana wimbo mpya wa kipindi cha pili, wakati kipa wa chungwa atakuwa mbele yao. Alimfundisha Mama Mdundo mdundo mtupu, wa polepole, kama mtu anayetembeza mtoto, na kwenye mazoezi ya mashabiki aliwafundisha wengine kupiga makofi na kuvuta sauti bila maneno. Maneno, alisema, yatatoka siku yenyewe, yasije yakavujia upande wa pili. Mama Mdundo alimuuliza kama yanamhusu Gundi. Kipaza alijibu kwamba kipa lazima aimbwe, huo ndio mpira, lakini ni utani tu, na mtoto wake ni mtoto wao wote. Hilo lilimtosha.

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Jukwaa la bluu lilitikisika kweli, si kwa maneno ya magazetini. Ukiweka mguu kwenye zege uliuhisi mtetemo ukipanda gotini. Wapiga tarumbeta walikuwa upande wa kushoto, akina mama wenye filimbi kulia, na katikati yao ngoma. Kipindi cha kwanza waliimba nyimbo zao za zamani, zile za kumsifu beki mfupi na za kumwuliza refa kama miwani ameisahau kwa mkewe. Hata watu wa chungwa walicheka ya refa. Hakuna aliyefunga. Mama Mdundo alikuwa amelowa jasho na alikuwa na furaha.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana upande. Gundi alikuja akasimama mbele yao, mgongo kwao, akagonga nguzo zote mbili kwa viatu kama kawaida yake. Kipaza alipanda juu ya kiti, akainua kidole. Mama Mdundo akaanza ule mdundo wa polepole. Makofi yakaingia. Sauti zikavutwa, ndefu, tamu, jukwaa zima. Kisha Kipaza akatoa maneno, mstari kwa mstari, na watu wakayadaka:

Geuka, mtoto, geuka,
mama anakuita.
Biskuti zako zimeisha,
basi limesharudi.

Mikono ilikuwa mbele ya akili. Mama Mdundo alipiga mstari wa kwanza, akapiga wa pili, na kwenye neno biskuti bado alikuwa anapiga. Ndipo akaelewa. Watu elfu na elfu walikuwa wanaimba kwa mapenzi yote, vichwa vikiyumba, na katika wote hao watatu tu walijua kinachoimbwa: aliyetunga, aliyetoboa siri, na yule aliyesimama golini.

Aliacha kupiga. Wimbo haukuyumba. Makofi yalikuwa yameshaushika, na jirani yake mmoja, akidhani amechoka, alimwondolea mkanda wa ngoma begani kwa upole na kuichukua ngoma.

Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Gundi aligeuka. Hakutafuta, macho yake yalikwenda moja kwa moja penye ngoma, mahali alipopajua tangu utoto. Jukwaa lililipuka kwa kelele za ushindi, kwa sababu kipa ameitika. Mama Mdundo alitaka kutikisa kichwa, kumwonyesha kwa ishara kwamba hakujua, lakini kijana alikuwa ameshautazama uwanja tena.

Alipenya kati ya watu mpaka kwenye kiti cha Kipaza, akamshika kifundo cha mguu. Alimwambia anyamazishe. Kipaza aliinama, uso unang'aa kwa jasho na raha.

"Umeona alivyogeuka?" alimwuliza. "Wimbo umemwingia!"

"Nilikupa wewe," Mama Mdundo alisema. "Nilikupa ukiwa unamlilia mama yako."

Kipaza alimtazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa kitu kwa lugha asiyoijua, halafu akanyooka na kuanza ubeti upya.

Gundi alidaka vizuri. Hilo lisemwe. Aliutoa mpira wa kichwa uliokuwa unaingia chini ya mwamba, na akalala miguuni mwa mshambuliaji bila kuogopa. Goli lilipoingia, mwishoni kabisa, mpira ulikuwa umemgonga beki wake mwenyewe na kubadili njia. Kipa yeyote angefungwa. Lakini jukwaa lilikuwa limeshaamua. Wimbo ndio umefunga, walisema, na kipenga cha mwisho kilipolia walimbeba Kipaza juu juu. Watu walimkumbatia Mama Mdundo, wakamwaga maji kichwani kwake, wakamwambia mdundo wake ule hautasahaulika. Alisimama katikati yao akiwa amelowa, hajui mikono aiweke wapi.

Alikwenda kusubiri kwenye geti la chuma wanakotokea wachezaji. Mlinzi alimjua, akamruhusu kusimama karibu na basi la chungwa. Wachezaji walitoka mmoja mmoja, vichwa chini. Gundi alipomwona alisimama, akateremsha begi.

"Ulimwambia," alisema.

"Nilimwambia. Alikuwa kwenye msiba. Maneno ya wimbo sikuyajua, Mungu shahidi."

"Najua hukuyajua. Nilipogeuka nilikuona huna ngoma." Aliusogeza mkanda wa begi kwa kiatu. "Lakini lile lilikuwa letu, mama mdogo."

Hakupandisha sauti. Alimshika bega kama mtu anavyomshika mgeni wa heshima, akaokota begi lake na kupanda basi. Alikaa upande wa mbali na geti.

Mama Mdundo alitembea kwenda nyumbani kati ya honi na vitambaa vya bluu. Kilichomchoma si Kipaza peke yake. Kipaza alikuwa amemwibia; yeye ndiye aliyeacha mlango wazi. Mawazo hayo mawili yalipigana ndani yake mpaka asubuhi, na hakuna lililoshinda.

Kipaza alikuja dukani siku chache baadaye. Redio ilikuwa imemhoji, sauti imemkauka. Hakuja kwa kiburi. Alisema kwamba maneno yale yalikuwa yamekaa kichwani mwake mwaka mzima, yanageuka wimbo yenyewe, na mtunzi hawezi kuuzima wimbo mzuri. Alisema watu hawakujua maana yake, kwa hiyo aibu iko wapi. Mama Mdundo aliendelea kupiga pasi foronya. Alimwuliza swali moja tu: kwa nini alimfundisha mdundo bila maneno?

"Ningekuambia ungekataa," Kipaza alisema.

Alilisema bila kuficha, na aliposikia mwenyewe alichosema, aligeuka akautazama mlango. Mama Mdundo aliikunja foronya, akaiweka juu ya nyingine, akaegemeza pasi.

"Basi ulijua," alisema. "Nilikuwa nakutafutia njia ya kusema hukujua."

Tangu siku ile walisalimiana kwa ajili ya majirani. Wimbo nao ulienda zake, kama zinavyokwenda nyimbo. Watoto waliuimba wakiruka kamba. Msichana wa kaunta aliuimba akipanga hanga za nguo, na Mama Mdundo hakumkataza, kwa sababu angelazimika kumweleza sababu. Ngoma alimwachia yule jirani wa jukwaani. Jumamosi alibaki dukani na shuka zake, mikono imetulia.

Gundi alirudi kupiga simu baada ya muda. Hakuwa na chuki. Aliuliza afya, aliuliza mgongo, alituma salamu sikukuu. Alikuwa na adabu kuliko zamani, na hapo ndipo Mama Mdundo alipojua ukubwa wa alichopoteza. Zamani kijana alimwambia hata jino likimuuma.

Siku moja mteja aliyekuja kuchukua suti alimpongeza. Alisema amesoma gazetini kwamba Gundi amechumbia mwalimu, binti mzuri, na picha yao ipo. Mama Mdundo alimshukuru. Akampa suti yake, akamwambia asiikunje, aitundike mapema. Halafu akaingia nyuma, akafunga mlango, akampigia simu kijana kumpongeza.

"Nilikuwa nataka kukuambia," Gundi alisema.

"Hata hivyo nimesikia," alimjibu. Akamwuliza jina la mchumba, na kijana akamtajia, kwa adabu ile ile.