Ngumi ya Kalonji kwa Mama Mkwe

Kalonji, aliyefunga breki za mabehewa pale reli ya Kindu, alikuwa mpole kupita kiasi. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye aliyeomba msamaha. Mimi jirani yake nilimcheka miaka yote, mpaka 1988, Ferdinand, kijana wa mtaa wetu, aliporudi kutoka Lubumbashi na televisheni, jenereta na mchezo wa video wa ngumi wa watu wawili.

Mbele ya kioo cha televisheni mpole wetu aligeuka mtu mwingine. Kila Jumapili mchana, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, aliangusha makarani, walimu, hata mkubwa wake wa kazi, bila huruma wala pole. Ferdinand akaahidi kuandika jina la bingwa ukutani kwa rangi nyekundu. Kalonji, ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote ila kwenye orodha ya zamu, alilitaka jambo hilo hadi chakula kikamshinda.

Fainali ikamkutanisha na mama mkwe wake.

Mama Tshiela alikuwa amekuja kulea mjukuu, akajifunza mchezo kimyakimya, akawatoa wanaume saba. Sasa, kwa Waluba wa Kasai, kabila lao, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula naye, wala hasemi naye ana kwa ana. Seuze kumpiga ngumi. Tukatundika kitenge katikati yao. Claudine, mke wa Kalonji, akakaa penye pindo kupeleka maneno.

Mchezo ukaanza. Mwanamasumbwi wa mama alipiga. Wa Kalonji alikimbia kuzunguka ulingo kama kuku wa Noeli. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

"Claudine, umuambie bwana yako apige," mama akasema. "Ule mutu wa mu televizyon haiko miye. Miye niko huku, ninakaa."

"Umuambie mama," Kalonji akajibu huku jasho likimtoka, "ule mutu anapiganaka na vidole ya mama."

"Basi umuambie: mwenye kuniachilia nishinde, ule ndiye ananitukana."

Zikabaki sekunde kumi. Kalonji akafumba macho, akabonyeza. Mwanamasumbwi wa mama akalala chali.

Kalonji akatoka mbio, akarudi akivuta mbuzi, faini ya mila. Akamfunga kwenye nguzo, upande wa mama.

"Nimepokea," mama akasema, kicheko kikimponyoka. "Umuulize, kwake kunabakia mbuzi ngapi? Miye nataka turudilie mchezo."

Kufikia Noeli jina la Kalonji lilikuwa bado ukutani, na zizi lake lilikuwa tupu.